Mtu Aliyekufa Kila Alhamisi

Mama yangu haamini dawa za dukani za kufutia vioo. Alikuja kufanya Umra, akamaliza, akapanda ndege kutoka Jedda kuja kukaa nami kidogo hapa Riyadh, na asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama mbele ya dirisha la sebule yangu, ghorofani pale Olaya, ana gazeti lililokunjwa mkononi na bakuli la siki pembeni. Nikamwambia jengo hili lina watu wa usafi. Akanijibu bila kugeuka, "Hao wafute vyao. Hiki nakifuta mimi." Nilicheka, nikavuta pumzi, na ile harufu ya siki ikaniingia moja kwa moja. Nikawa tena mtoto wa darasa la pili, nimekaa juu ya zulia nene katika nyumba ya watu, mapazia yamefungwa mchana kweupe, nasubiri mtu afe.

Wenzangu mliokulia Jedda mnakumbuka kwamba siku zile hapakuwa na jumba la sinema. Siku hizi vijana wa hapa wanaingia kutazama picha na ndoo zao za bisi, wala hawajui sisi tulivyokuwa. Sisi tulikuwa na kanda za video za kuazimana, zilizochakaa mpaka watu ndani yake walitembea kwenye mvua hata wakiwa sebuleni. Lakini mimi nilikuwa na sinema yangu, kila Alhamisi, siku ya mapumziko ya shule, katika jumba la kifahari la Al-Hamra, karibu na bahari. Sikumwambia mtu shuleni. Nani angeniamini?

Mama alikuwa muuguzi wa Bi Hilda, bibi mmoja wa Kijerumani ambaye mwanawe, tuliyemwita bosi, alikuwa mhandisi. Bibi alikuwa amezeeka na akili inamtoka kidogokidogo. Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka chote. Kilichobaki ni Kijerumani, na Kiswahili alichojifunza ujanani kwenye shamba la mkonge huko Tanga, alikofuatana na mumewe. Ndiyo maana bosi alitafuta muuguzi Mswahili. Kiswahili cha Bi Hilda kilikuwa cha kuamrisha, maana alikipata kwa wapishi na watunza bustani, na hakuna aliyemfundisha neno la kubembeleza. "Wewe mtoto, keti. Wewe mtoto, kula." Mama alinikataza nisicheke.

Sisi tulikaa mtaa wa Ghulail, hukohuko Jedda, juu ya duka la mchele na sabuni. Baba alikuwa fundi wa eksirei. Alianzia hospitali ya Jedda, kisha wakamhamishia Riyadh, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na begi lake dogo na tende za kule, ambazo Mama alizisema vibaya na kuzila zote. Kwa hiyo Alhamisi hapakuwa na wa kuniachia, nikawa nafuatana na Mama kazini.

Picha zenyewe zilikuwa ndani ya mikebe ya bati. Bosi alizikusanya kutoka kwa wauza vitu vya kale kwao, kwa sababu ndani ya kila moja alikuwamo babu yake, baba yake Bi Hilda. Mkebe ukifunguliwa, harufu ya siki inatapakaa chumba kizima. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba mikanda ya zamani ikianza kuoza hutoa harufu hiyo. Wakati ule nilidhani ndiyo harufu ya yule mzee. Mama alijifunza kupitisha mkanda kwenye meno ya projekta kwa mikono ileile ya kufunga bendeji, akazima taa, na ukuta mweupe ukafunguka.

Picha hazikuwa na sauti. Kulikuwa na mlio wa mashine tu, na Bi Hilda akinong'ona majina. Na baba yake alikuwa pale ukutani: mrefu, taya refu, macho yameingia ndani. Katika picha moja ni mnyongaji, katika nyingine ni bahili anayelala na sanduku lake, katika nyingine ni mtumishi anayetia sumu kwenye supu ya tajiri. Hakuwahi kuwa bwana harusi. Hakuwahi hata kuwa mgeni wa harusi. Na kila picha, kabla haijafika mwisho, lazima afe. Alichomwa kisu, alizama kwenye mto karibu na kinu, alianguka kutoka kwenye mnara wa saa huku mikono yake inatapatapa.

Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya Mama. Bi Hilda akaniita. "Wewe mtoto, usiangalie uso. Uso ni wa kazi. Angalia kidole." Akanionyesha: kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda. Mlango wa jumba la maigizo ulikibana akiwa kijana, kikaunga vibaya. Aliweza kubadilisha ndevu, kibyongo na mwendo, lakini si kidole. Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu. Nani atakiona kwanza? Mzee akitokea amejifunika shuka kama maiti ya kuibwa, mimi napiga kelele, "Kidole hicho," na bibi anapiga makofi.

Maisha ya yule mzee bibi aliniambia vipandevipande, kila Alhamisi kipande, vingine mara nyingi, na siku nyingine vinapingana. Kwamba alikuwa mtoto wa fundi viatu. Kwamba alitoroka kufuata kundi la waigizaji waliokuwa wakizunguka na mkokoteni. Kwamba mabwana wa sinema walipomwona walimwambia, kwa sura hiyo, wewe utakula mkate wa watu wabaya mpaka uzeeke. Kumbe nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi. Aliogopa mbwa. Aliwashonea viatu watoto wa jirani, na watoto haohao wakimkuta kwenye ngazi walikimbia, kwa sababu jana yake wamemwona akimnyonga mtu. Akipanda tramu, mama mwenye mtoto mchanga huhama kiti.

"Alijifunza kufa sebuleni," alisema Bi Hilda. "Juu ya zulia. Mimi mtoto kama wewe. Nakaa kando, naangalia kama kifua kinapanda. Kikipanda, namwambia, Papa, bado hujafa. Anarudia."

Hebu mfikirieni mtoto anayesikia hayo. Mimi sikuona ajabu. Nilielewa kwamba kufa ni kazi, kama eksirei ya Baba ilivyo kazi, na kuna watu wamefundishwa.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililoniharibu. Ile projekta ilikuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Mzee akishaanguka kutoka kwenye mnara, akishalala chini na kofia yake kando, Bi Hilda humwambia Mama, kwa Kiarabu kidogo alichookota hapa, "Halas, basi. Sasa mwamshe." Mama anabonyeza. Kofia inaruka inarudi kichwani, mwili unanyanyuka kutoka kwenye mawe, unapaa mpaka juu, na mzee anasimama mnarani mzima wa afya, uso umekasirika. Hapo ndipo Mama alipozima. Hatukuwahi kuona picha hata moja hadi mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile: mzee hakuachwa amelala.

Nilipouliza yuko wapi sasa, Mama alinikanyaga mguu. Bi Hilda hakukasirika. "Ametoka," alisema. "Atarudi Alhamisi."

Baba alifariki Riyadh siku ya kazi, aligongwa na gari akivuka barabara kutoka hospitalini. Ami Salum, rafiki yake wa tangu skuli huko Unguja, ndiye aliyekuja kutuambia. Tulimzoea Ami Salum kwa kelele na kwa kamera ya video aliyoibeba begani kila sikukuu, lakini siku hiyo aliingia mikono mitupu. Baba alikuwa ameshazikwa. Ndivyo inavyokuwa hapa, na ndivyo dini inavyotaka, maiti haikawizwi. Aliswaliwa Alasiri, akapelekwa makaburini pamoja na wengine, kwenye kaburi lisilo na jina. Sisi Jedda tulikuwa tunakula wali.

Mama aliingia eda. Wanawake wa Ghulail wakajaa chumbani, Wazanzibari, Wakomoro, Wasomali, na kila aliyeingia alinivuta kifuani akanililia kichwani. Mimi sikulia. Nilikaa wima. Nilisikia wakinong'ona, mtoto huyu kaingiwa na nini, moyo wake wa jiwe. Mama alinitazama kwa hofu. Aliponiuliza kama nimeelewa, nilimjibu, "Nimeelewa. Baba amekufa." Nilisema kwa utulivu kabisa, kwa sababu nilijua kinachofuata. Sikuona maiti, sikuona kaburi. Nilichokuwa nacho ni mzee wa ukutani. Nilihitaji tu kujua Baba atarudi na sura gani.

Alama nilikuwa nayo tayari. Baba akisikiliza mtu, huvuta ncha ya sikio lake la kushoto, taratibu, anaivuta na kuiachia. Alifanya hivyo akiongea na simu, akisikiliza taarifa ya habari, akimsikiliza Mama akilalamika. Basi nikaanza kutazama masikio. Muuza mkate, dereva wa basi la shule, imamu akitoka msikitini. Usiku nilipanga maneno nitakayomwambia, nisije nikamharibia kazi yake mbele za watu.

Eda ilipokwisha, Ami Salum na mkewe walitupeleka Riyadh kwa gari, Mama akatie saini makaratasi ya Baba na ya ikama zetu, vibali vya kuishi nchini. Ofisi ilikuwa Olaya, kwenye jengo la vioo. Wakubwa waliingia ndani, mke wa Ami Salum akabaki nami ukumbini, na akasinzia. Mlangoni alikuwapo mlinzi mmoja Mwafrika, mrefu sana, mweusi kuliko Baba, hana ndevu, ana kovu kwenye shavu. Hakufanana naye kwa lolote. Nilimtazama kwa sababu nilitazama wote. Akainua mkono wa kushoto, akashika sikio, akavuta.

Sasa najua alikuwa akirekebisha waya wa redio. Wakati ule sikuwa na shaka. Nilimwendea, nikasimama karibu, nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Baba."

Alishtuka. Kisha akainama, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya. "Ai, mtoto. Mimi si babako. Uko na nani hapa?"

"Najua uko kazini," nilimwambia. "Sitomwambia mtu."

"Babako ako wapi?"

"Amekufa," nikasema, na nikamtabasamia, ili ajue siri yake iko salama.

Yule mtu alinyooka. Alitazama upande wa ofisi, akamwona Mama kupitia kioo, amevaa baibui jeusi, kalamu mkononi, anafuta macho kwa ukingo wa shela. Nadhani alielewa yote, au alielewa ya kutosha. Hakuwa mtu mbaya. Labda aliacha mtoto kwao, wa kimo changu. Akaweka mkono juu ya kichwa changu na kusema, "Sawa basi. Nikimaliza shift nitakuja. Saa hii rudi ukae na yule auntie. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

Nimemsamehe yule mlinzi kitambo. Lakini mjue alichonifanyia. Njia nzima ya kurudi Jedda, jangwa kushoto na jangwa kulia, nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote duniani. Mama alifumba macho, kichwa amekiegemeza kwenye kioo, na mimi nilimshika mkono nikimwonea huruma kwa kuwa hajui.

Alhamisi iliyofuata Mama alirudi kazini. Wakati wa eda bosi alikuwa ameweka muuguzi Mfilipino, na Bi Hilda alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku. Alinitambua mara moja. Mapazia yakafungwa, mkebe ukafunguliwa, siki ikajaa chumba. Ilikuwa ile ya mnara wa saa. Mama akaiwasha, kisha akaenda kuandaa dawa chumba cha pili. Nikasogea kwenye kiti cha bibi.

"Baba yangu pia amekufa," nilimwambia. "Lakini nimeshamwona. Sasa ni mlinzi, Riyadh. Ana uso mwingine. Kasema akimaliza kazi atakuja."

Bi Hilda aligeuza shingo polepole. Siku nyingi macho yale yalikuwa yakinitazama na kumwona mtu mwingine, dada yake au mtumishi wa Tanga. Siku hiyo yaliniona mimi. Alinitazama mpaka nikaogopa.

Ukutani mzee alikuwa ameshaanguka. Kofia kando. Mama akaja mbio, akaweka kidole kwenye kitufe, akasubiri amri.

"Mafi, hapana," alisema Bi Hilda. "Usimwamshe. Acha iende."

"Bi Hilda?" Mama aliuliza.

"Acha iende, nimesema."

Basi kwa mara ya kwanza tukaona kilicho mbele. Watu walikuja wakamzunguka mzee. Askari akavua kofia. Wakaleta ubao, wakamlaza, wakambeba, na mkono wake wa kulia ukaning'inia nje, kidole kilichopinda kikielekea chini. Kisha barabara tupu na mbwa mmoja anapita. Kisha maandishi ambayo bibi hakuyasoma. Kisha ukuta mweupe, na ncha ya mkanda ikipiga, tap, tap, tap, na hakuna aliyenyanyuka kuizima.

"Sauti zilipoingia kwenye picha," alisema Bi Hilda akiutazama ukuta, "watu walimcheka. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa kike. Kazi ikaisha. Akawa mtu wa mlangoni kwenye jumba la sinema, anachana tiketi, na watu hawamjui. Kisha vita. Akatoka kutafuta mkate. Mabomu yakaja. Mtaa wote ukaanguka. Hatukupata maiti, hatukupata kofia." Akanigeukia. "Mimi nikaangalia vidole vya wanaume. Miaka yote. Berlin, Tanga, hapa. Wangu hakurudi, mtoto. Na wako harudi. Hii ni picha tu."

Nilimwambia ni mwongo. Mbele ya Mama, mimi mtoto wa Kizanzibari niliyefunzwa adabu mpaka ikanitoka puani, nilimwambia mtu mzima mwongo. Mama hakunipiga. Alikuwa amesimama kando ya ile mashine, amesikia yote, mkono umeziba mdomo. Ndipo alipojua kwa nini sikulia. Akanichukua, akanikalisha mapajani, akasubiri nilie. Sikumpa. Nilikaza mwili wote kama ubao, na nikaapa sitokanyaga tena nyumba ile.

Sikuikanyaga. Bibi alipelekwa kwao muda si mrefu baadaye, na tukasikia amefariki. Mimi na Mama tukarudi Unguja. Nikasoma, nikakua, nikawa mtu wa kutania watu na kutaniwa. Lakini sikuacha. Kwenye foleni ya benki, kwenye uwanja wa ndege, hata siku ya harusi ya mdogo wangu wa kwa shangazi, macho yangu yalikuwa yakipita kwenye masikio ya wanaume. Ilikuwa desturi tu, kama mtu anavyohesabu ngazi. Na ilipotokea kazi Riyadh nikawaambia watu kwamba nimefuata mshahara mzuri. Nikapanga nyumba Olaya. Mitaa imebadilika, treni inapita juu kwa juu, lile jengo la vioo siwezi tena kulitofautisha na mengine. Walinzi bado ni wa kwetu. Nikiwapita nawasalimia wote.

Haya yote yalipita kichwani Mama akifuta kioo. Nikamwita. Nilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimemwonyesha. Mtoto wa Ami Salum alizipata kanda za kamera ya marehemu babake, akazihamishia kwenye kompyuta, akanitumia kipande. Ni sikukuu ya Idi, chumba chetu cha Ghulail. Baba amevaa kanzu nyeupe, ameshika sinia la visheti, anacheka. Mtu anamwita kutoka nje. Anasikiliza, anavuta sikio, anaweka sinia chini, anatoka mlangoni. Na kila akifika mlangoni, mimi huweka kidole kwenye kioo cha simu nikamrudisha. Anaingia kinyumenyume, sinia linaruka mkononi mwake, anacheka. Nimefanya hivyo jioni nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Mama alikaa kwenye kochi, akavaa miwani. Baba akacheka, akaitwa, akavuta sikio. Akaweka sinia. Akaelekea mlangoni, na kidole changu kikashuka chenyewe. Mama akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi, unanuka siki.

"Mwache, Zuhura," alisema. "Mwache atoke, mwanangu."

Baba akatoka. Mlango ukabaki wazi, pazia linatikisika kidogo. Sikuwahi kufika hapo. Ami Salum hakuzima kamera, labda alisahau, na ndani ya chumba kitupu kikasikika kitoto kinauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa ni yangu, "Mama, Baba anakwenda wapi?"

Na Mama, msichana mbichi, sauti imejaa kicheko, akajibu kutoka jikoni, "Anarudi sasa hivi."

Picha ikakatika. Mama akavua miwani, akaishika mapajani. Nikaweka simu chini, nikalala kwenye paja lake kama nilivyotakiwa kufanya kule Al-Hamra, na nikalia kwa sauti mpaka mlinzi wa ghorofa akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna shida. Mama akamjibu akiwa palepale alipo.

"Hapana, baba," alisema. "Tuna msiba."